Mkono wa Pili

Saa tatu asubuhi Bi Taratibu alikuwa ameshakaa mbele ya meza ya mkurugenzi, begi magotini, akimsubiri mwenye ofisi amalize kutembea huku na huku. Jina hilo la Bi Taratibu hakujipa mwenyewe. Alipewa na watu aliowahi kuwachunguza, na wengi wao hawakumpa kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kupeleleza ajali za programu za kompyuta. Mashine ikifanya madudu na kila mtu akasema si mimi, basi anaitwa yeye.

"Nataka jina," alisema mkurugenzi. "Moja. Saa kumi jioni nawapigia hospitali, niwaambie nani kafanya na kwamba hayupo tena hapa. Bila hivyo wanaing'oa programu yetu wodini, na sisi tumekwisha."

"Jina nasikia mnalo tayari."

"Tunalo. Wewe tuthibitishie tu."

Bi Taratibu alivua miwani akaanza kuifuta kwa pindo la mtandio. Anayemfahamu angejua kwamba hiyo "tu" haikumkaa vizuri.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Programu ya kampuni ile ilitumika kwenye wodi za watoto wachanga. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, programu inamwambia dripu iende kwa kasi gani. Akikosea namba, kuna kizuizi kinachokataa na kumrudisha nyuma. Jumatatu iliyopita, tangu asubuhi na mapema, kwa muda wa saa tatu nzima, kizuizi hicho hakikuwepo. Muuguzi mmoja, kwa macho yake mwenyewe, aliona namba imezidi mara kumi, akasimamisha kila kitu kabla hata tone halijaingia. Hakuna mtoto aliyeumia. Lakini mama aliyekuwa amekaa kando ya kitanda kile aliona kila kitu, na hospitali haikuwa na hamu ya kusikia kisingizio cha bahati mbaya.

Kumbukumbu za mashine zilimtaja aliyekiondoa kizuizi: mhandisi mmoja ambaye wenzake humwita Gramu, kwa jinsi anavyobishania uzito mpaka gramu ya mwisho. Na huyo Gramu alikuwa likizo, wiki ya saba sasa.

"Likizo ya nini?"

Mkurugenzi akageukia dirishani. "Alijifungua kabla ya wakati. Mtoto hakuishi."

"Na ndiye mnayetaka kumfukuza."

"Ninachotaka mimi ni hospitali wabaki. Usinifanye mnyama, Bi mkubwa. Nina watu thelathini humu ndani."

Bi Taratibu hakumfanya mnyama wala malaika. Alifungua daftari, akaandika saa, akaomba aonyeshwe aliyeitengeneza mashine inayounganisha kazi za wahandisi.

Huyo alikuwa kijana mrefu aitwaye Mwendokasi, na jina lilimfaa, maana hata kiti chake kilikuwa hakijatulia. Meza yake ilikuwa nusu tupu. Vitabu vyake viwili na kikombe vilishaingia kwenye boksi la karatasi sakafuni.

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako," Bi Taratibu alisema.

"Sawa, shangazi. Kila mhandisi ana tawi lake. Tawi ni nakala ya programu, ya kwako peke yako. Unaikata, unaishona, unaiharibu upendavyo, haimdhuru mtu. Ukimaliza, tawi linaunganishwa na shina, na shina ndilo linalokwenda wodini. Zamani kuunganisha ilikuwa kazi ya watu, wanagombana kutwa nzima. Nikaandika mashine ifanye yenyewe. Tunaiita Mshenga."

"Kwa sababu anaozesha."

"Anaozesha matawi na shina. Na kama washenga wengine, anauliza maswali machache kuliko inavyotakiwa."

Bi Taratibu alicheka kidogo, maana alikuwa na uzoefu wake na washenga. "Anauliza yapi?"

"Mawili. Majaribio yote yamepita? Na je, kuna mkono wa pili, yaani mtu mwingine mbali na mwenye tawi?"

"Huyo wa pili anatakiwa awe amefanya nini?"

Kiti cha Mwendokasi kikatulia. "Zamani ilibidi asome kazi yote, kisha aandike 'nimekubali'. Tangu Ijumaa inatosha awe amegusa."

"Ijumaa hii iliyopita?"

"Hiyo hiyo."

"Kwa hiyo Ijumaa umemlegeza Mshenga, Jumatatu kizuizi kimeanguka, na wewe unafungasha."

"Nahamia kampuni nyingine mwisho wa mwezi. Najua inavyoonekana."

"Inaonekana vibaya, mwanangu."

"Nilitumwa. Karatasi ninayo. Lakini siitoi mpaka nijue itamsaidia nani. Humu ndani karatasi hummaliza aliyeishika."

Mwingine angembana kijana wa watu pale pale mpaka aitapike hiyo karatasi. Bi Taratibu alimwangalia, akaona mtu mwenye hofu, si mtu mwenye hila, akaandika mstari mmoja na kufunga daftari. Kabla ya kumtafuta mwenye mkono wa pili alitaka kumwona mwenye tawi.

Saa sita mchana alikuwa anabisha mlango wa nyumba ndogo yenye kamba ya nguo mbele. Aliyefungua alikuwa dada mkubwa wa Gramu, mikono imelowa. "Karibu," alisema kwa sauti ya chini. "Ila usimchoshe, nakuomba. Jana hakula."

Gramu alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, amezungukwa na mabakuli. Yalikuwa ya watu waliomletea chakula siku zile za msiba: ya plastiki, ya udongo, moja la bati lenye alama ya rangi ya kucha. Alikuwa ameyaosha yote na sasa anayatafutia vifuniko vyake, kila moja akilibandika kipande cha utepe chenye jina la mwenyewe ili lirudi lilikotoka.

"Shikamoo," alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Ahsante. Umekuja kwa ajili ya kizuizi. Mkurugenzi alinipigia jana." Alivuta bahasha iliyokuwa chini ya mto wa kiti. "Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Ipeleke wewe, au nitakuja nayo mwenyewe saa kumi."

"Barua haitaniambia kilichotokea. Niambie wewe."

Gramu aliizungusha bahasha mkononi. "Kizuizi cha zamani hakiwajui watoto wa chini ya kilo moja. Muuguzi akiingiza gramu mia nane, kinamkatalia, anabaki kukokotoa kwa kichwa, usiku, amechoka. Nikataka kiwajue. Ile Alhamisi nilikizima kwenye tawi langu, na majaribio yake nikayazima pia, maana yasingenyamaza. Nilipanga Ijumaa nikijenge upya." Akaiweka bahasha sakafuni. "Ijumaa alfajiri nikapelekwa hospitali."

Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni, akajifanya anakausha sahani moja ambayo ilikuwa kavu.

"Kuacha kitu kibovu kwenye tawi si kosa," Bi Taratibu alisema. "Tawi ndiyo kazi yake."

"Najua. Ndiyo maana sielewi. Hilo tawi lilitakiwa liwe limeshakufa."

"Limekufaje?"

"Mshenga hulifuta tawi lisiloguswa siku saba, asijaze mashine. Nikiwa nimelazwa nilizihesabu zile siku. Ilipofika ya saba nikasema, haya, na hilo nalo limekwenda." Alisema bila machozi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyamaliza, na hilo lilimuuma Bi Taratibu kuliko kama angelia.

Kalamu ya mpelelezi ilikuwa imesimama katikati ya mstari. Wiki saba, na tawi liko hai. Mtu alikuwa analigusa.

Hakusema. Mtu hapewi nusu ya jambo akiwa katika hali ile. Badala yake alipiga magoti, akaokota kifuniko cha buluu kilichoviringika chini ya meza, akakijaribu kwenye bakuli la tatu, kikakaa. Kwa muda wa robo saa wakatafuta vifuniko pamoja, bila kuzungumza habari za kazi. Alipoondoka, bahasha ilikuwa kwenye begi lake, na Gramu bado alikuwa anasema atakuja mwenyewe.

Aliporudi ofisini aliomba kompyuta, chai, na asisemeshwe.

Kumbukumbu za tawi la Gramu zilikuwa fupi na za ajabu. Baada ya ile Alhamisi, mkono wa Gramu haukuonekana tena. Lakini kuanzia Jumatano iliyofuata, kila siku ya kazi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mtu alikuwa amefungua ukurasa wa maelezo wa tawi hilo na kuongeza kitu kimoja mwishoni. Bi Taratibu aliufungua ukurasa akaenda mpaka chini. Kulikuwa na nukta. Nukta tupu, kwenye mstari mmoja. Alizihesabu kwa ncha ya kalamu: ishirini na tisa. Ya mwisho iliwekwa Jumatatu iliyopita, saa moja na dakika arobaini. Mshenga alikuwa ameliunganisha tawi na shina saa moja na dakika arobaini na moja.

Akaunti iliyotumika iliitwa "Majaribio", na hiyo ilikuwa ya watu watatu wanaojaribu programu kabla haijatoka. Bi Taratibu hakukimbilia kuuliza. Alishuka mapokezi, akaomba daftari la likizo. Wa kwanza alikuwa safarini juma zima mwezi uliopita. Wa pili aliugua siku mbili. Nukta hazikuruka hata siku moja. Akabaki wa tatu, na huyo hakuwa amekosa kazini.

Kila mtu alimwita Mzee Kasoro, kwa sababu kwa miaka ishirini mshahara wake ulikuwa wa kuwaonyesha wengine walipokosea. Chumba chake kilijaa simu za kila umri, zimepangwa kwa ukubwa, kila moja na waya wake. Alikuwa ameshavaa koti.

"Nilidhani utafika mapema zaidi," alisema.

"Naitwa Bi Taratibu."

Mzee alitabasamu, kisha tabasamu likamshinda. Alifungua droo akatoa barua iliyokunjwa mara tatu. "Ya kuacha kazi. Usisumbuke kuuliza."

"Kuuliza ndiyo kazi yangu. Nukta ni zako?"

"Zangu zote."

"Za nini?"

"Mashine ingelifuta." Alishika moja ya zile simu, akaifuta kioo kwa kiganja. "Nilitazama Jumatano ile, imebaki siku moja. Nikawaza, mtoto hayupo, na huyu binti akirudi akute na kazi yake haipo? Angalau hiyo aikute pale alipoiacha. Nikaweka nukta, Mshenga akahesabu upya."

"Nukta moja kwa wiki ingetosha. Kwa nini kila siku?"

"Mwanzo niliogopa kusahau. Baadaye..." Aliirudisha simu mahali pake, akaisawazisha na mwenzake. "Nilimpigia siku ile ya msiba. Akapokea, nikakosa la kusema, nikakata. Mtu mzima mimi, wajukuu ninao, na maneno ya kumwambia mama wa namna ile sina. Nukta naiweza. Basi nikawa nikifika asubuhi naiweka, naona kama nimemsalimia, ndipo naanza kazi."

Bi Taratibu alihitaji kuvua miwani tena, na safari hii haikuwa na vumbi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya kazi. "Ijumaa walibadilisha sheria. Mguso wako ukawa sawa na kukubali. Ulijua?"

"Nani aniambie?"

Alimwomba afungue barua pepe zake. Waliitafuta taarifa ya sheria mpya pamoja, kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu. Haikuwepo. Taarifa ilikuwa imetumwa kwa wahandisi wote kumi na mmoja. Wajaribu watatu hawakukumbukwa.

"Haibadilishi kitu," alisema Mzee Kasoro. "Mkono ulioliingiza tawi ni wangu. Niandike mimi. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, yeye ana maisha mbele. Ila nakuomba jambo moja, asijue ni mimi. Atadhani nilitaka kumponza."

"Siahidi nisichokiweza," alisema Bi Taratibu, na barua ya pili ikaingia kwenye begi.

Alisimama kwenye korido akiwa na barua mbili. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi hii alikuwa amewatafuta wakosaji chini ya vitanda na juu ya dari. Hakuwahi kupata wawili wanaogombea kosa moja, kila mmoja anamsukuma mwenzake atoke salama. Na kati yao hapakuwa na mkosaji. Gramu aliacha kazi nusu kwenye tawi lake, na hilo linaruhusiwa. Mzee aligusa tawi lisifutwe, na hilo pia halikukatazwa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja wiki sita bila kumdhuru hata sisimizi. Kilichoyageuza kuwa ajali kilikuwa kimoja, na kilitokea Ijumaa.

Mwendokasi alimwona anakuja akasimama.

"Uliuliza itamsaidia nani," Bi Taratibu alisema. "Itawasaidia wawili. Mmoja ana msiba, mwingine hakujua atoe pole vipi."

Kijana hakuuliza majina. Alitoa vitabu kwenye boksi, na chini kabisa palikuwa na karatasi iliyochapwa. Akampa.

Saa tisa na nusu karatasi hiyo ilikuwa mbele ya mkurugenzi, mezani.

Ilikuwa na sehemu tatu. Juu, agizo: kuunganisha kunachelewesha kazi, kuanzia leo Mshenga ahesabu mguso wa mtu wa pili kuwa idhini. Katikati, jibu la Mwendokasi: naomba wiki mbili tuijaribu, na wajaribu waarifiwe. Chini, neno moja, "Leo", na sahihi.

Mkurugenzi aliisoma, akaisoma tena. Bi Taratibu alimweleza habari za siku saba, za nukta, za saa moja na dakika arobaini na moja, hatua kwa hatua, bila kupandisha sauti. Alipomaliza, mkurugenzi alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwona amekaa.

"Hospitali walinisukuma," alisema. "Walitaka hizo namba za watoto wadogo. Kila wiki wananiuliza, zinatoka lini? Nikasema nipunguze mlolongo."

"Naamini."

"Sikumkusudia mtu mabaya."

"Hakuna aliyekusudia. Lakini jina ulilotaka ndilo hilo, liko chini ya karatasi. Lingine sithibitishi. Na ripoti yangu huwa nakala moja inakwenda kwa waliodhurika, na hapa ni hospitali. Ukiwapigia wewe kwanza, watalisikia kinywani mwako."

"Na hizo barua?"

"Hizi zinarudi kwa wenyewe."

Mkurugenzi aliivuta simu karibu. Kisha, saa kumi ikiwa bado robo, akaipiga, akaweka sauti wazi. Aliyepokea ni muuguzi mkuu wa wodi. Mkurugenzi alimweleza yote, akaanza na sahihi yake. Hakujipamba. Mwisho akasema tawi limeshatolewa, kizuizi cha zamani kimerudi, na kama wanataka kuiondoa programu hatawalaumu.

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa mashine za wodini. "Kesho uje uyaseme haya mbele ya yule mama," alisema muuguzi mkuu. "Kisha tutaona. Nami nina swali. Huyo aliyekuwa anatengeneza kizuizi cha watoto wa chini ya kilo, mmemfukuza?"

"Hapana."

"Msimfukuze. Nina watoto watano hapa ambao programu yenu haiwajui. Wengine wote wananiambia haiwezekani. Akiwa tayari, tutamsubiri yeye."

Mkurugenzi alikata simu, akabaki ameufunika uso kwa viganja. Bi Taratibu alichukua begi akatoka taratibu, akaufunga mlango nyuma yake.

Kwenye benchi la korido walikuwa wamekaa watu wawili, Gramu na Mzee Kasoro. Gramu alikuwa amekuja mwenyewe, kama alivyosema, kanga begani na macho yamevimba. Kabla ya kupanda juu alikuwa amepita kwenye meza yake na kufungua tawi lake, kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Hakuhitaji mpelelezi wa kumwonyesha nani huwa anafika saa moja na dakika arobaini.

Bi Taratibu aliwarudishia barua zao, kila mmoja yake. "Hakuna anayezihitaji," aliwaambia. "Kazi zenu zipo. Na wodini wanakusubiri wewe, Gramu, siku utakayoweza." Kisha akarudi nyuma hatua chache, akajishughulisha na daftari lake karibu na ngazi.

"Ishirini na tisa," Gramu alimwambia mzee. "Nimezihesabu."

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuponza."

"Nilidhani hakuna aliyekumbuka." Alisema hivyo, na machozi aliyodhani ameyamaliza yakamtoka, mengi, wala hakuyafuta. Mzee Kasoro alikaa pale pale. Hakumwambia anyamaze.

Alipotulia, mzee alisafisha koo. "Siku ile niliyokukatia simu, kuna kitu nilitaka kukuuliza."

"Uliza."

"Mtoto mlimpa jina gani?"

Gramu aligeuka akamtazama. Hospitali walikuwa wameandika "mtoto wa", kisha jina lake yeye. Watu walikuja na mabakuli, na pole, na maombi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza hilo. Akamtajia.

Mzee Kasoro alilirudia mara moja, polepole, kuhakikisha amelishika. "Nimelishika," alisema. Gramu akatikisa kichwa kukubali, kisha akalisema tena yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa kidogo.

Pale kwenye ngazi, Bi Taratibu alikuwa na daftari wazi na kalamu mkononi, na jina alilisikia vizuri kabisa. Hakuliandika.